Nikuache Kidogo

Jumanne, 4 Februari
Chumbani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi

Kaka yangu, Bwana Vigingi,

Salamu zangu zikufikie huko kwenye barabara yako isiyokwisha. Mimi mzima wa mwili. Ya kichwani ndiyo sababu ya barua hii.

Wewe ndiye uliyenishika mkono wenye bendeji mwezi wa kumi na moja ukanipeleka kwa daktari wa akili, kwa hiyo ni haki yako kujua kabla ya mtu mwingine. Leo amekipa jina kile kitu nilicho nacho. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, nikajua hapa nahukumiwa. Akasema, "Una tatizo la haiba."

Nikamwambia, "Daktari, haiba yangu imewatatiza wengi, ila wao hawakuiita ugonjwa."

Hakucheka. Yule mama akianza sentensi lazima aifikishe mwisho, na anaifikisha polepole mno hadi unatamani kuisukuma. Mimi kimoyomoyo namwita Mama Taratibu. Akanieleza kwamba haiba anayoisema si ile ya kupendeza kwenye picha. Ni namna mtu alivyo ndani: anavyohisi, anavyojiona, anavyokaa na wenzake. Jina lenyewe zima ni tatizo la haiba lenye hisia zisizotulia. Nililiandika kiganjani nisilisahau. Nilipofika kazini nikanawa mikono likafutika, lakini nilikuwa nimeshalikariri.

Halafu akaanza kunisoma. Akauliza, mtu unayempenda akichelewa nusu saa unafikiri nini? Nikasema nafikiri amenichoka. Na akifika? Namfokea hadi anaondoka kweli. Akauliza kama naweza kumpenda mtu asubuhi kuliko kitu chochote, na jioni nisitake hata kumsikia. Nikasema, daktari, umeongea na kaka yangu nini? Akauliza kuhusu ule utupu, ule wa kukaa kitandani na kuhisi ndani hamna mtu. Hapo nililia mpaka mtu wa mapokezi akafungua mlango kuchungulia.

Sikulia kwa huzuni, kaka. Tangu utotoni nimeitwa mkorofi, mwigizaji, mtoto wa kudeka. Kumbe tuko wengi, na tumeandikiwa vitabu. Anasema kitu hiki kinatibika, kwa mazungumzo zaidi kuliko kwa vidonge, ila huchukua muda. Kila Alhamisi nitakaa kwenye kikundi cha watu wanane, tujifunze kukaa na hasira bila kuirusha.

Aliuliza pia tulilelewa wapi. Nikamhesabia zile nyumba nne za ndugu, ndani ya miaka mitano, na kila moja ilisema ni kwa muda tu. Akauliza nani alikuwepo kwenye zote nne. Nikasema ni wewe.

Najua huko hakuna mtandao. Mama Taratibu kafurahi kusikia hivyo. Anasema kwa mtu wa hasira zangu barua ni nzuri, inachelewa. Dereva wa lori la saruji atazipandisha Jumamosi na kushusha za kwako Jumapili. Yale ya mkononi sijayarudia. Nakuambia kabla hujauliza.

Mdogo wako,
Cheche, fundi wa meno ya watu


Jumamosi, 8 Februari
Kambini, hema la ramani

Cheche wangu,

Barua yako imefika juu ya mifuko ya saruji, nikaipangusa kwa mkono wa shati, nikaisoma mara tatu.

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuchungulia kwenye darubini na kumpigia mtu kelele asogeze mti mwekundu wa kupimia kushoto. Lakini hilo la hisia kutotulia, mdogo wangu, ni nani zake zimetulia? Juzi mvua iling'oa vigingi vyangu ishirini na viwili, kazi ya siku nne, nikarusha kofia mtoni. Wewe ni mtu wa moto tu tangu mdogo, ndiyo maana nikakuita Cheche. Usikubali kubandikwa ugonjwa. Kaza moyo. Amka mapema, tembea, kula vizuri, usikae peke yako ukiwaza. Na hilo jina usimtajie kila mtu, hasa hapo kazini. Watu wana midomo.

Huku sote wazima isipokuwa mpishi, ambaye anaumwa mapenzi na chumvi yote inaishia kwenye uji.

Kaka yako


Jumanne, 11 Februari, asubuhi

Kaka,

Kaza moyo. Ahsante sana, mtaalamu. Miaka yote hii mimi kumbe nilisahau tu kuukaza.

Nimekuletea kitu kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuambiwa, na wewe umekitupa mtoni pamoja na kofia yako. Unaona haya juu yangu, sema. "Usimtajie kila mtu." Vizuri, sitamtajia mtu, na nianze na wewe. Usiniandikie tena. Wewe na wale wa nyumba zote nne ni wamoja, tofauti yao na wewe ni kwamba wao hawakunidanganya kuwa watakaa.

Mimi


Jumanne hiyohiyo, alasiri

Kaka yangu mpenzi,

Ile ya asubuhi iko humuhumu ndani ya bahasha. Usiisome. Ukishaisoma, hii isome mara mbili.

Nilitaka kuichana, lakini Mama Taratibu anasema nisichane, nilinganishe. Nimelinganisha. Zote mbili nimeandika mimi, kwa kalamu moja, na katikati pana saa nane tu na kikombe cha chai. Asubuhi nilikuwa sina kaka. Sikuwa natia chumvi wala kukutisha, nilikuwa sina. Sasa ninaye, na ni yuleyule, na naona aibu mpaka masikio yanawaka. Nadhani hiki ndicho alichokuwa anakisema.

Nisamehe. Usiondoke. Kama unataka kuondoka niambie mapema nijiandae.

Mdogo wako


Jumamosi, 15 Februari
Hema la ramani

Cheche,

Sijaenda popote. Nimeliandika juu kabisa ili usisome barua nzima ukilitafuta.

Nimezisoma zote mbili. Ya asubuhi nilianza nayo, kwa sababu ulinikataza.

Sasa nikiri. Nilipoandika kaza moyo nilikuwa naogopa. Neno ugonjwa lilinitisha, nikajificha nyuma ya ushauri, na wewe hukuwa umeniomba ushauri. Nisamehe kwa hilo.

Nimekwenda kwa muuguzi wetu wa kambi, yule jamaa mnene anayetufunga vidole tunapojigonga nyundo. Nikamwambia kuna mtu ana shida hii na hii. Akanitazama, akasema, "Huyo mtu ndiye wewe?" Nikasema ni mdogo wangu. Akaweka mkasi chini. Kumbe amefanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili miaka sita. Akaniambia, "Kosa letu sisi ndugu ni kubishana na hisia. Maumivu yake ni ya kweli hata pale sababu anayoiona si ya kweli. Yakubali maumivu, halafu sababu mtaichunguza pamoja. Na usimdanganye hata kwa wema, maana mtu kama huyo uongo anaunusa hujafungua mdomo."

Kwa hiyo nauliza, na safari hii nasubiri jibu. Asubuhi ile ulipokuwa huna kaka, ilikuwaje? Nieleze kwa lugha ya fundi meno, labda nitaelewa. Na mimi nifanye nini ili nisizidishe?

Kaka yako, ambaye kofia yake ilipatikana, imenasa kwenye tawi


Jumanne, 18 Februari
Karakana, saa ya chakula

Kaka,

Umeuliza vizuri hadi nimekosa la kugombana.

Ngoja nikueleze kwa meno. Jino likipasuka gamba la juu, chai ya vuguvugu, ambayo mwenzako anakunywa huku akipiga soga, wewe inakurusha kitini. Chai si ya moto, na jino halisemi uongo. Mimi ni hivyo mwili mzima. Mtu akinijibu kwa mkato, wewe ungesema ana haraka. Mimi inanifika mpaka kwenye mzizi.

Jana alikuja yule mwalimu mstaafu niliyemtengenezea meno ya juu. Nilimpenda bibi yule, nilikaa siku kumi na mbili na meno yake, rangi nilimchagulia mwenyewe. Akayavaa, akajitazama kwenye kioo, akasema, "Mbona nimefanana na farasi?" Kaka, sekunde ileile akawa adui yangu, na mimi si fundi tena, ni takataka. Mkono ulikuwa umeshainua kalibu ya plasta niipige ukutani. Unakumbuka niliyoipiga mwaka juzi, bosi akaapa kwamba ya pili namwaga unga.

Nikafanya walichotufundisha Alhamisi. Nikasema, "Samahani mwalimu, dakika tano," nikaenda nyuma, nikatumbukiza mikono kwenye ndoo ya maji baridi tunayochanganyia plasta, na kujitajia kwa sauti: hii ni aibu, hii ni hofu, hasira imekuja mwisho. Nikarudi mikono inachuruzika. Namkuta mwalimu peke yake mbele ya kioo, anavuta midomo, analia kama farasi, anacheka hadi machozi. "Marehemu mume wangu angependa sana," akasema. Kumbe ulikuwa mzaha! Nikamkwangulia kidogo meno mawili ya mbele, akatoka anamtabasamia kila mtu mtaani hata wasiomjua.

Bosi akauliza kwa nini nimelowa. Nikasema nilikuwa nazima moto. Akasema, "Basi endelea kuzima," akarudi kwenye nta yake. Na jina la ugonjwa nimemtajia, kwa taarifa yako. Aliuliza linaandikwaje.

Sasa swali lako la pili. Nakuomba jambo moja tu. Ukinyamaza, mimi sijui kama umepumzika, umekasirika au umekufa, na kichwa changu hakisubiri, kinachagua lililo baya. Ukitaka kunyamaza niambie kwamba utanyamaza, kwa nini, na mpaka lini. Hata kama sababu ni kwamba nimekuchosha. Jambo baya nikilijua naweza kukaa nalo.

Mdogo wako


Jumamosi, 22 Februari
Hema la ramani

Cheche,

Nimekubali. Nikinyamaza nitasema, kwa nini, na mpaka lini. Nimeliandika kwenye daftari langu la vipimo, ukurasa wa kwanza, mahali ambapo wenzangu wanaandika namba ya simu ya mke.

Lile la jino nimelielewa. Nimelielewa vibaya sana, kwa sababu na mimi nina jino la hivyo na nimekuwa nikilificha mwaka mzima. Ukija na koleo zako nitakimbia.

Mwambie mwalimu mstaafu namsalimia. Tumepima kilomita moja na robo wiki hii, vigingi vyote vimesimama.

Kaka yako


Jumamosi, 15 Machi

Cheche,

Nimeona nikuache kidogo upumzike. Usijibu hii. Nitakuandikia.

Kaka


Jumapili, 16 Machi
Chumbani

Kaka,

Hii sijui kama nitaituma. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Wiki tatu mfululizo uliniandikia kurasa mbilimbili, leo nimepata maneno saba. Nimeyahesabu. Usijibu, umesema. Nitakuandikia, umesema, na hukusema lini.

Nikuache. Nimelitafuna neno hili tangu saa nne. Mtu anaacha kazi, anaacha pombe, anaacha mke. Najua pia mtu husema niache, maana yake usinisumbue, na nikuache, maana yake nikupe nafasi. Ungeweza kuandika nikupe nafasi, yapo maneno hayo, hayauzwi. Umeandika nikuache. Halafu umeweka kidogo. Mtu haachwi kidogo, kaka.

Jumatatu. Sikwenda kazini. Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Nimekutukana kwa sauti hadi mwenye duka hapo chini akagonga dari na fimbo. Baadaye nikakuomba radhi kwa sauti, na hapo hakugonga.

Jumanne. Hamu ya mkononi imeamka nami. Nikapiga ile namba aliyonipa Mama Taratibu, ya kupigwa siku ikiwa hivi. Akapokea mwanamke mwenye mafua. Tulikaa kwenye simu dakika arobaini, yeye anapenga, mimi nalia. Akaniuliza vyenye makali viko wapi. Tukakubaliana nivitoe chumbani, nikavifunga kwenye taulo nikampelekea mwenye duka. Hakuuliza kitu, akaviweka nyuma ya makopo ya rangi na kunipa kiti nikae pale hadi wanafunga. Nimekaa. Sikufanya.

Jumatano. Nimekwenda kazini. Bosi alinipa kazi ya kuchanganya plasta tu, siku nzima, bila kunieleza kwa nini. Nampenda bosi. Najua wiki ijayo huenda nisimpende, lakini naandika hapa ibaki.

Alhamisi. Nimesoma maneno yako saba mbele ya kikundi. Yalizuka mabishano! Fundi umeme mmoja akasema, "Huyu kachoka." Dada mmoja wa benki akasema, "Huyu anaficha kitu." Mwingine akasema labda karatasi ilimwishia. Mama Taratibu akawaacha hadi wamalize, tena unajua alivyo na subira, kisha akaniuliza, "Wewe unajua nini, na unadhani nini?" Nikasema najua maneno saba, na najua mwandiko umelala upande, si wako wa kila siku. Yote mengine nadhani. Akauliza, "Na nani anayejua?" Nikasema, kaka.

Ijumaa. Dereva amekubali kunipandisha kesho. Anasema nafasi ipo mbele, ila kiyoyozi ni dirisha. Barua hii nitakukabidhi kwa mkono wangu. Kama nimeachwa, nataka niambiwe nikiwa nakutazama.

Mdogo wako


Jumapili, 23 Machi
Hema la ramani

Cheche,

Uko jikoni na mpishi, nawasikia mnacheka, lori linatiwa mafuta. Nina nusu saa. Dereva atakukabidhi hii ukishashuka mjini, kwa sababu kuna maneno ambayo ukinitazama nayameza.

Jana nilisikia lori, nikasikia mifuko ikishushwa, halafu pazia la hema likafunguliwa na mtu aliyejaa saruji tangu utosini hadi viatuni, macho tu ndiyo mekundu. Hukutoa salamu. Hukuutazama hata mguu, na plasta yote ile ilikuwa imelazwa juu ya sanduku mbele yako. Ukasema, "Nataka jibu moja tu. Umeniacha?"

Na mimi, mjinga, nikacheka. Nikasema, "Niende wapi na mguu huu?"

Ndipo ukauona. Nikajiambia sasa moto unawaka, nikashika ukingo wa kitanda. Wewe ukakaa chini. Ukauliza nilivunjika wapi, lini, nani alinibeba, nimekula nini. Kisha ukaigongagonga plasta kwa kucha, ukasema aliyeifanya alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, kazi kama hiyo bosi wako angeirudisha. Ukamwomba muuguzi unga wa plasta na bakuli, ukalainisha ule ukingo uliokuwa ukinichuna kisigino siku tisa, na muuguzi wa watu amesimama pembeni anajifunza. Kwa mara ya kwanza tangu nianguke nimelala usingizi.

Sasa lile ninalolimeza. Niliteleza Alhamisi, siku mbili kabla ya barua ile, kwenye ukingo wa mfereji. Waliponirudisha kutoka hospitali ya upande wa pili wa mlima nililala na kalamu mkononi muda mrefu. Nikawaza, nikimwambia ataumia, atafanya jambo. Basi nikaandika nikuache upumzike, nikaona nimekuwa kaka mwema. Sikuona hata lile neno, wallahi; mimi nililiandika kwa maana ya nikupe nafasi.

Lakini hata lingekuwa neno jingine. Nilijiambia nakulinda, na si kweli. Nilikuwa naogopa, Cheche, na niliyekuwa namwogopa ni wewe. Ulinipa jambo moja tu la kufanya nikalivunja wiki ya kwanza lilipokuwa gumu. Nimeisoma barua yako ya siku sita. Nimelia mbele ya mpishi, akaninyima supu akidhani imenichoma.

Samahani haitoshi, ila ndiyo niliyonayo.

Daktari wa mlimani anataka nirudi tarehe mbili Aprili kwa jambo dogo la huo mguu. Si la kukutia wasiwasi, tutaongea nikishapona.

Dereva anapiga honi.

Kaka yako


Jumanne, 25 Machi
Karakana

Kaka,

Barua nimeipokea. Dereva aliinyoosha kwa mbali, kisha akarudi garini haraka na kufunga mlango, sijui ulimwambia nini.

Umeandika kwamba ulisikia mifuko ikishushwa. Wakati huo mimi nilikuwa wapi, hukujiuliza? Nilishuka wa kwanza. Nilitembea moja kwa moja hadi kwenye hema lako, mkono umeshashika pazia, na nikakusikia unacheka na mpishi. Unacheka! Mimi siku zote zile sakafuni, na wewe unacheka. Nikageuka. Nikapanda tena kwenye lori, nikabamiza mlango, nikamwambia dereva turudi. Akasema, "Dada, hata mfuko mmoja sijashusha."

Ikabidi nisubiri mifuko. Ilikuwa themanini. Mpaka kama wa arobaini nilikuwa nakutungia barua kichwani, ya mwisho kabisa, nzuri sana, ungejuta. Halafu nikajiuliza, najua nini? Nikajibu: najua amecheka. Nikatafuta la pili sikulipata. Nilikaa na hilo moja, naogopa, vumbi linaingia dirishani, na bado ningeweza kukaa palepale hadi mjini. Nikashuka ikiwa imebaki mifuko kumi na kitu. Kushuka kule ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya mwaka huu, na hakuna aliyeliona, kwa hiyo nakuandikia wewe ulijue.

Kuhusu kuniogopa. Imeniuma, sitakuficha. Niliisoma nimesimama barabarani, nikaisoma tena chumbani. Ni kweli, unayo haki, hata mimi hujiogopa. Lakini nataka uone kilichotokea baada ya kuisoma: nilipika, nikala, nikaosha chombo. Vitu vyangu vya makali bado viko nyuma ya makopo ya rangi, sijavidai.

Leo nimekukasirikia, na leo nakupenda. Zote mbili ziko ndani kwa wakati mmoja, zinasukumana, hakuna iliyoifukuza mwenzake. Kwako huenda ni jambo la kila siku. Mimi huwa napewa moja moja, na nilipomwambia Mama Taratibu kwa simu alianza kunijibu, kisha akacheka kabla ya kumaliza sentensi.

Sasa tuje kwenye mistari yako ya mwisho. Jambo dogo la mguu. Si la kukutia wasiwasi. Tutaongea nikishapona. Kaka! Wino wa samahani haujakauka na umeshaanza tena.

Bosi amenipa siku tatu. Jumamosi napanda na lori, Jumatano tunakwenda kwa huyo daktari wote wawili. Lakini sitaki kulisikia mlangoni kwake. Barua hii inanitangulia: nimemwomba mtu wa lori la kokoto anayepanda kesho. Yeye anashuka Alhamisi, mpe jibu. Andika kila alichokuambia, na lile unalolimeza liandike la kwanza.

Nimeshavuta kiti. Nimekaa. Sema.

Mdogo wako